Mgeni Aliyepewa Jembe: Farasi wa Wasotho katika Milima ya Maloti

Wahenga wetu walituachia usemi usemao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa desturi usemi huu huambiwa wanadamu. Katika insha hii tunakusudia kuutumia kwa mnyama, yaani farasi, aliyefika kusini mwa bara letu akiwa mgeni, akapokewa na taifa moja la milimani, akapewa jembe, na mwishowe akawa mwenyeji. Taifa hilo ni Wasotho wa Lesotho. Tumechagua habari hii kwa sababu inajibu swali ambalo walimu na wanafunzi wetu hukutana nalo mara kwa mara wanapozungumzia utamaduni wa taifa: je, kitu kilichotoka ng'ambo chaweza kuwa sehemu ya utamaduni wetu? Na kama chaweza, chawezaje?

Yafaa kwanza tuifahamu nchi yenyewe. Lesotho ni ufalme mdogo uliozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Eneo lake ni kilometa za mraba 30,355, na hakuna sehemu yake hata moja iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya nchi ni safu za milima ya Maloti, ambako kilele cha Thabana Ntlenyana hufikia mita 3,482, nacho ndicho kirefu kuliko vyote kusini mwa Kilimanjaro. Huko juu miti ni michache, nyasi ni nyingi, na wakati wa kipupwe theluji hufunika malisho. Mito imechimba mabonde yenye kingo kali, hata mtu aweza kuviona vijiji viwili vinavyotazamana ng'ambo na ng'ambo, kumbe kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya nusu siku.

Katika nchi ya namna hiyo gurudumu halikuwa na kazi kubwa. Aliyetaka kufika alikwenda kwa miguu au juu ya farasi. Siku hizi wageni kutoka nchi za mbali huenda Lesotho ili wapande farasi na kusafiri siku kadhaa milimani, wakilala katika vijiji na kuyatazama maporomoko ya Maletsunyane, karibu na Semonkong, ambako maji huanguka mita 192 kwa mfululizo mmoja. Vitabu vya kuwavutia wageni huiita milima hiyo nyika isiyoguswa na binadamu. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini si ya kweli. Kila njia ambayo farasi wa mgeni hupita ilikanyagwa kwanza na mchungaji, askari, mjumbe wa chifu, au mama aliyepeleka gunia la mahindi kusagwa. Ni historia ya njia hizo tunayotaka kuieleza.

Farasi hakuwa mnyama wa asili wa sehemu hizo. Waholanzi waliofanya makao katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 waliletewa farasi wachache kutoka Java mwaka uliofuata. Baadaye waliletwa wengine wa asili ya Uarabuni, Uajemi na Uingereza, wakachanganyika. Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 farasi walikuwa nguvu ya walowezi na ya makundi yenye bunduki yaliyowashambulia Waafrika wa bara. Wasotho waliwajua farasi kwanza kwa upande wa maumivu: mnamo mwaka 1830 vijiji vyao vilivamiwa na Wakora, waliokuja wamepanda farasi na kushika bunduki, wakateka ng'ombe na kutoweka kabla wenye mali hawajajikusanya.

Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyekuwa amewakusanya watu waliotawanywa na vita katika ngome yake ya Thaba Bosiu tangu mwaka 1824, aliuona upesi ukweli wa mambo. Jina la ngome hiyo maana yake ni Mlima wa Usiku, na msomaji makini ataona kwamba neno bosiu na neno letu usiku ni ndugu. Mlima ule uliweza kumzuia adui asipande, lakini haukuweza kumfuata adui akimbiapo na ng'ombe. Kwa hiyo mfalme aliwatafuta farasi. Inasimuliwa kwamba farasi wake wa kwanza alimpata kutoka kwa Moorosi, chifu wa Waphuthi. Waliofuata walipatikana kwa njia nyingi: wengine walitekwa vitani, wengine walinunuliwa kwa nafaka na ng'ombe, na wengine waliletwa na vijana waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakarudi wakiwa na farasi au bunduki badala ya fedha.

Hapa ndipo mgeni alipopewa jembe. Farasi aliyezoea nyanda alipelekwa milimani akaishi huko, akila nyasi za mlimani, akistahimili baridi na kupanda mawe kila siku. Wale waliokuwa dhaifu walikufa. Waliosalia walizaa watoto waliokuwa wafupi, wenye vifua vipana na kwato ngumu. Farasi wa Kisotho kwa kawaida hafiki mita 1.5 begani, lakini hushuka gengeni penye mawe yaliyolegea bila kukosea hatua, na huweza kwenda kutwa nzima kwa mwendo wa telki, ulio wa haraka na usiomtingisha mpandaji. Nayo baridi ilimsaidia. Wadudu waletao tauni ya farasi hawastawi mahali penye jalidi kali, na mbung'o hawapo kabisa katika milima ile. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua vema tofauti hiyo, kwani katika sehemu nyingi za nchi zetu mbung'o aliwakataza farasi kuishi, na mizigo ya misafara ikachukuliwa kwa mabega ya watu.

Mwaka 1840, miaka kumi tu baada ya mashambulio yale, Moshoeshoe alifanya safari ya kwenda ndani ya milima ya Maloti, kutoka Thaba Bosiu hadi kwenye chemchemi za mto Malibamatso. Alifuatana naye Thomas Arbousset, mmoja wa wamisionari Wafaransa waliofika mwaka 1833, ambaye aliandika habari za safari hiyo. Mzungu yule ndiye aliyekuwa mgeni katika msafara. Aliyejua kwa nini msafara unakwenda ni mfalme, aliyetaka kuifahamu milima ambayo siku moja watu wake wangeihitaji kwa malisho na kwa kimbilio. Tunapowasomesha vijana habari za watu waliozipeleleza nchi za Afrika, ni haki safari hiyo nayo itajwe.

Haja ya kimbilio haikukawia. Mwezi wa Desemba mwaka 1852 Jenerali George Cathcart, Gavana wa koloni la Rasi, alifika na jeshi la zaidi ya askari 2,000. Alidai alipwe kwa siku tatu ng'ombe 10,000 na farasi 1,000. Tuyatazame madai hayo kwa makini: taifa ambalo miaka ishirini na kitu nyuma halikuwa na farasi, sasa lilidaiwa farasi elfu moja! Wasotho walitoa ng'ombe wapatao 3,500. Cathcart hakuridhika, akaupanda uwanda wa juu wa Berea tarehe 20 Desemba ili ajitwalie mwenyewe. Huko alikutana na wapanda farasi wa Kisotho waliokadiriwa kuwa 6,000. Jeshi la Waingereza lilipata taabu kubwa siku ile. Usiku Moshoeshoe alimpelekea jenerali barua ya unyenyekevu, akisema kwamba Waingereza wamekwisha kuwaadhibu Wasotho vya kutosha, na akaomba amani. Cathcart aliipokea, akaondoka. Mfalme alijua kumwachia adui mlango wa kutokea bila aibu, na mlango huo aliweza kuufungua kwa sababu wapanda farasi walikuwa nyuma yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba farasi peke yake aliiokoa nchi. Katika vita na Makaburu wa Dola Huru ya Orange, vilivyoanza mwaka 1858 na kurudi kwa ukali kuanzia mwaka 1865, Wasotho walipoteza ardhi yao bora ya kilimo ng'ambo ya mto Mohokare. Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Uingereza, ukatolewa mwezi wa Machi mwaka 1868. Miaka miwili baadaye alifariki dunia. Taifa lilisalia likiwa limesukumwa kuelekea milimani, na tangu hapo farasi akazidi kuwa miguu yake.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1880. Nchi ilikuwa imewekwa chini ya serikali ya Rasi tangu mwaka 1871, na serikali hiyo ikaamuru Wasotho wazisalimishe bunduki zao. Machifu wengi walikataa. Lerotholi, mjukuu wa Moshoeshoe, na wenzake waliwaongoza wapanda farasi waliojigawa katika vikosi vidogo, wakashambulia ghafula na kutoweka katika mabonde ambayo adui hakuyajua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, huko Qalabani, kikosi cha askari wa Rasi kilivamiwa na kupigwa vibaya. Vita vilipokwisha mwaka 1881 serikali ya Rasi ilikuwa imetumia mali nyingi bila ya kuwanyang'anya Wasotho silaha zao. Mwaka 1884 iliachilia mbali utawala wa nchi hiyo, nayo ikarudishwa moja kwa moja chini ya Uingereza. Matokeo yake ni makubwa kuliko yalivyoonekana siku zile. Muungano wa Afrika ya Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Lesotho, iliyoitwa wakati huo Basutoland, ilikuwa nje yake. Na tarehe 4 Oktoba 1966 ikapata uhuru wake kama taifa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba farasi alidhurika kwa sababu ya sifa zake mwenyewe. Katika vita vya Waingereza na Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, majeshi yalihitaji farasi wagumu, na maelfu mengi walinunuliwa kutoka kwa Wasotho wakaenda kufa katika ugomvi usiokuwa wao. Fedha zilizopatikana zilitumika zikaisha, bali mbegu bora iliyouzwa haikurudi. Katika miaka iliyofuata nasaba ya farasi wale ilififia, hata katika miaka ya 1980 serikali ya Lesotho, kwa msaada wa Ireland, ikaanzisha kazi ya kuchagua na kuzalisha upya farasi bora, pamoja na kuwatembeza wageni milimani ili kazi hiyo ilete pato.

Ingawa mbegu ilififia, mahali pa farasi katika maisha ya watu hapakufutika. Neno la Kisotho la kumwita ni pere, lililotoka katika lugha ya walowezi wa Kiholanzi, kama vile neno letu farasi lilivyotoka katika Kiarabu. Mpandaji hujifunika blanketi la sufu, vazi ambalo nalo lilianza kuletwa na wafanyabiashara kutoka viwanda vya Uingereza katika karne ya 19, na kichwani huvaa mokorotlo, kofia ya nyasi yenye kichwa kilichochongoka. Vijana hushindana mbio huko Semonkong, na wazee hutambua uzao wa farasi kwa kumtazama akipita. Katika nembo ya taifa farasi wawili wanaishika ngao, na chini yao yameandikwa maneno ya Kisotho yenye maana ya Amani, Mvua, Neema. Vitu hivi vimetoka sehemu mbalimbali za dunia, lakini hakuna awezaye kuviona pamoja akasema si vya Wasotho.

Leo farasi yumo katika jaribio jingine. Mkataba wa mwaka 1986 kati ya Lesotho na Afrika ya Kusini uliamuru mito ya milimani izibwe na maji yapelekwe katika miji na viwanda vya jirani. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, lilijengwa katika mto uleule wa Malibamatso ambao chemchemi zake mfalme alizitafuta mwaka 1840. Barabara zilijengwa ili vifaa vifike, na magari yakafuata. Hatuzilaumu barabara. Mgonjwa anayefikishwa hospitali kwa saa moja badala ya siku mbili hawezi kuyalilia matandiko ya zamani. Lakini ni lazima tuseme kwamba mnyama asiyekuwa na kazi hadumu, na kwamba kazi ya kumbeba mgeni pekee ni jembe jepesi mno kwa farasi wa Moshoeshoe. Akibaki kuwa pambo la kupigwa picha, watoto wa milimani watajua bei ya kumkodisha, wasijue ni kwa nini babu zao walimtafuta.

Basi, tukirudi kwenye swali tuliloanza nalo, jibu la Wasotho ni hili: asili ya kitu haikifanyi kuwa cha taifa wala haikizuii. Kinachokifanya kuwa cha taifa ni kazi ambayo watu hukipa katika maisha yao, na gharama wanayokubali kulipa ili kukilinda. Mwalimu awezaye kuwafundisha vijana wake kuuliza, juu ya kila kigeni kiingiacho nchini, ni jembe gani tutakalokipa na ni nani atakayelima nalo, atakuwa amewapa kipimo kilicho bora kuliko kupokea kila kitu au kukataa kila kitu. Moshoeshoe hakumwogopa farasi kwa kuwa alikuwa wa adui, wala hakumwabudu kwa kuwa alikuwa wa adui. Alimfunga hatamu, akampandisha mlimani.