Historia ya Kushikwa kwa Mikono



Hapa mashariki mwa inchi yetu, tangu mapigano ya Masisi ya 1993 na vita ya 1996, kila upande una historia yake. Na kila historia inaanza siku ile jirani alipotukosea. Vyuo vikuu vingeweza kutusaidia, lakini mara nyingi profesa anasoma, mwanafunzi anaandika, siku ya mtihani anarudisha. Hakuna anayeuliza: umejuaje?

Wazee wa Waluba, kule Katanga, walifundisha kwa njia nyingine. Chama cha Mbudye, walinzi wa kumbukumbu ya ufalme, kilitumia lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na makombe. Mjuzi alipitisha kidole juu yake akisimulia habari za wafalme na safari zao. Shanga zilibaki palepale, ingawa masimulizi yaliweza kubadilika kufuatana na msimulizi na wasikilizaji.

Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai miaka ya 1950, alitoa kitabu mwaka 1961 kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni ushuhuda wa historia, kama yakichunguzwa: nani anasema, na alipata kwa nani?

Mimi nilisoma sheria. Mahakamani shahidi anaulizwa vilevile: uliona kwa macho, ao ulisikia?

Basi, walimu wa historia, pelekeni wanafunzi kwa wazee wa kila upande. Kwa kila jambo mzee aliloliona mwenyewe, waweke haragi juu ya ubao. Kwa alilolisikia, waweke kijiwe. Halafu mbao ziwekwe kando kando, wazee wote wakitazama. Penye maharagi pande zote mbili, hapo tunaweza kuanza kuzungumza. Penye vijiwe vitupu, tusiseme ni uongo. Tuulize tena kwanza, mbele ya kumshitaki mtu.

Viongozi, linda neno hili: asilazimishwe mtu kusimulia maumivu yake, wala majina yasiandikwe kama yanaweza kuleta kisasi.

Wapendwa, wengi wetu tulikimbia risasi. Lakini mbele ya risasi kulikuwa maneno, na maneno yale hatukuyauliza yametoka wapi. Jioni ya leo, mtoto akikuuliza mambo ya zamani, mwambie kwanza yale uliyoyaona.

Amani iwe kwenu.