Mwalimu wa Pwani katika Baridi ya Berlin



Mhariri ameniomba niandike jambo la historia linalohusu mji wetu wa Tabora. Habari za Mirambo na Isike, na za Livingstone na Stanley pale Kwihara, mmekwisha kuzisikia mara nyingi hata mnaweza kuzisimulia usingizini. Kwa hiyo nimechagua habari ya mwalimu mmoja ambaye mafundisho yake yalifika hapa Tabora, lakini jina lake halitajwi sana. Yeye ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Habari zake nilikutana nazo mbali na nyumbani. Miaka michache iliyopita ofisi yangu ilinipeleka Ujerumani kwa mafunzo ya miezi minne, kuanzia Novemba. Kama yupo anayejisifu kuwa anaijua baridi kwa sababu alioga maji ya bomba alfajiri ya mwezi Juni hapa shuleni, nampa pole. Kule mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Jioni moja nilikimbilia maktaba, si kwa kupenda elimu bali kwa kutafuta joto, nami nikakuta kitabu kikuukuu kilichoandikwa kwa Kiswahili. Jina lake ni Desturi za Wasuaheli, nacho kilipigwa chapa Göttingen mwaka 1903. Nilikisoma mpaka mtunza maktaba akaanza kuzima taa.

Kabla sijaeleza habari za mwenye maneno yale, yafaa tukumbushane habari za njia yetu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaendelea Uvinza mpaka Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, hapa hapa Tabora, mwezi wa Novemba. Waliobeba mizigo katika njia hii wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia kilo 30. Kwenda pwani ilikuwa pembe za ndovu, na kurudi bara ilikuwa nguo, shanga, bunduki na baruti. Tena, tusifiche, katika njia hiyo hiyo walipelekwa pwani watu waliouzwa utumwani.

Jambo jingine lililosafiri katika njia ile lilikuwa lugha. Kiswahili hakikuletwa Tabora na Mzungu. Kilikuja kwa miguu. Mpagazi alijifunza kambini, sokoni na katika kugawana posho, wala hapakuwa na ubao wala chaki. Wajerumani walipoishinda ngome ya Isike Januari 1893, naye akaona heri ailipue baruti afe kuliko kukamatwa, waliukuta mji ambao tayari watu wake walijua Kiswahili. Kwa hiyo mtawala aliyetaka kuamua shauri na kutoza kodi ilimbidi ajifunze lugha hiyo.

Serikali yao ilikuwa imekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1887 walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa. Utaratibu wao ulikuwa huu: mtaalamu Mjerumani alifundisha sarufi, na kando yake aliwekwa mwenyeji wa lugha ili wanafunzi wasikie matamshi na kuzoea kuzungumza. Wanafunzi walikuwa maofisa wa jeshi, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wamisionari. Katika miaka ya 1890 alifundisha pale Amur bin Nasur wa Unguja. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Alisoma elimu ya dini, naye akafundisha Kurani kabla ya kuwafundisha Wazungu. Basi haikuwa kweli kwamba alitolewa porini akapewa kazi ya kutamka maneno. Alikwenda Berlin akiwa mwalimu tayari.

Tufikirie majira yake ya baridi ya kwanza. Ramadhani ya mwaka 1318 wa Hijra iliingia mwishoni mwa Desemba 1900, siku zile zile ambazo jua la Berlin halikai juu hata saa nane. Mtu aliyezoea Bagamoyo, ambako mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, akifuata nyakati za sala kule ataona adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana ndani ya muda wa saa nne tu. Futari inakuja mapema, naam, lakini mtu atafuturu na nani? Hakuna muadhini wala jirani wa kubisha hodi na sahani ya tambi. Mimi nilikuwa na simu ya kuongea na watoto wangu kila jioni, na bado nilihesabu siku. Yeye alikuwa na barua tu, nayo ilisafiri kwa meli.

Kazi hata hivyo aliifanya, na zaidi ya kazi. Mwaka 1901 Carl Velten, mtaalamu wa Kiswahili pale chuoni, alitoa kitabu cha Safari za Wasuaheli. Ndani yake zimo habari zilizoandikwa na Mtoro za safari yake ya Udoe na Uzigua na habari za Wazaramo, pamoja na safari za wenziwe. Mmoja wao, Selim bin Abakari, Mkomoro, alisimulia safari iliyomfikisha Urusi na Siberia! Kisha mwaka 1903 kikaja Desturi za Wasuaheli. Kinaeleza kuzaliwa kwa mtoto, jando, harusi, ngoma, deni, mazishi, na habari za safari za bara. Maelezo mengi ya kitabu hiki ni ya Mtoro. Lakini jina lililowekwa juu ya jalada ni la Velten, aliyekusanya na kuhariri.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa binti wa Kijerumani, Bertha Hilske. Sheria ya Ujerumani haikukataza. Waliokataza ni watu. Dharau iliongezeka, naye akaona ni heri arudi kwao na mkewe. Wakapanda meli. Walipofika pwani yetu mwaka 1905, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka kuishi nchini. Mwanamke wa Kizungu aliyeolewa na Mwafrika, walisema, angeivunja heshima ya watawala. Ikawabidi kurudi Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku katika koloni hili.

Ndugu zangu, hebu tulipime jambo hili. Maofisa waliojifunza Kiswahili katika chuo chake waliweza kushuka pwani, wakasafiri hadi bara na kukaa bomani, wakaamua mashauri kwa lugha aliyoifundisha yeye. Mwalimu mwenyewe akafungiwa mlango wa nchi yake. Jina lake lilikuwa Mtoro, lakini hakutoroka mtu huyu. Alitaka kurudi nyumbani, akazuiwa.

Baadaye alifundisha Hamburg, akimsaidia Carl Meinhof, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Ujerumani iliposhindwa vitani na kupoteza makoloni, haja ya walimu wa Kiswahili ikapungua, naye akajipatia riziki kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kitabu kile kilitolewa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen mwaka 1981, na safari hii jina la Mtoro likawekwa panapostahili. Mwaka 2009 maisha yake yalielezwa katika kitabu cha Ludger Wimmelbücker kilichotolewa Dar es Salaam. Ilipita miaka 82 tangu kifo chake.

Mtu aweza kusema kwamba Mtoro alifunza watu waliokuja kututawala, basi tumsifie nini? Swali hilo si la kupuuzwa, nami sitaki kulifunika. Lakini desturi zile angeweza kuzisimulia kama vichekesho vya kuwafurahisha wageni. Hakufanya hivyo. Aliziandika kama mambo ya watu wenye akili na adabu zao, tena aliziandika kwa lugha ya watu hao wenyewe. Leo anayetaka kujua babu zetu wa pwani walivyoishi hana budi kupita kwake.

Mwalimu mwingine tunayemjua sote, Julius Nyerere, alimaliza sekondari hapa Tabora mwaka 1942, akafundisha St. Mary's, akaenda Edinburgh mwaka 1949. Naye aliipata baridi yake kule. Tofauti ni kwamba mwaka 1952 alirudi, akashuka, na nchi ikamsikiliza. Si kila aliyetoka alipewa nafasi hiyo.

Nimalizie kwa kuungama. Nilipokuwa kidato cha tatu alikuwapo mwalimu wa Kiswahili aliyesahihisha insha zangu kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikawa kama imepigwa. Yote niyaandikayo ofisini leo, hata makala hii, yametoka kwenye wino ule. Siku zote nilikusudia kumwandikia barua ya shukrani. Niliianza katika baridi ile ya Ujerumani, usiku uleule niliotoka maktaba. Niliporudi nikaambiwa amekwisha kufariki.

Basi ninyi vijana, chukueni daftari moja, mwandike majina ya waliowafundisha, masomo yao na miaka yao. Nasi wazee tulete tunayoyakumbuka. Na aliye na barua ya kuandika asingoje baridi.