Tathmini ya hatari katika matengenezo ya reli, Kaunti ya Kakamega

Tathmini ya hatari ni kazi ya kutambua, kabla sururu haijainuliwa, kitu kinachoweza kumuumiza au kumuua mfanyakazi wa reli, na kuamua namna ya kukizuia. Mji wa Kakamega hauna reli. Ndani ya kaunti zipo mbili, zote za upana wa mita moja: tawi la kutoka Kisumu linaloishia Butere, na kipande cha njia kuu ya Nakuru–Malaba kinachopita Lugari.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini hiyo na kuchukua hatua. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama huundwa. Kifo cha kazini huripotiwa ndani ya saa 24. Aidha, mwajiri haruhusiwi kumrudisha mfanyakazi mahali ambapo hatari kubwa ingali ipo.

Wakaguzi wengi hupima kila hatari kwa kuzidisha alama mbili, uwezekano wa ajali na ukubwa wa madhara, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Kwenye tawi lenye treni chache, hesabu hii hupotosha. Maumivu ya mgongo, yanayotokea kila mara, hupata 5 × 2, yaani 10. Kugongwa na treni, 1 × 5, yaani 5. Kifo kinashuka chini ya orodha, ilhali uchache wa treni ndio unaowafanya watu waache kutazama njia. Hatari inayoua haifai kushushwa kwa sababu ya alama.

Kipimo cha kuaminika zaidi hufanywa palepale relini. Treni ya kilomita 45 kwa saa hupita mita 12.5 kila sekunde. Kundi likihitaji sekunde 20 kuondoa mitaimbo, jeki na toroli, na sekunde 10 za kusimama salama kando, mlinzi lazima aione treni ikiwa umbali wa mita 375. Kwenye kona iliyozibwa na miwa au magugu umbali huo haupatikani. Hapo dawa ni kuifunga njia kwa treni hadi kazi iishe, au kuongeza walinzi. Kofia ngumu na fulana za kung'aa huja mwisho, hazizuii garimoshi.

Mgongo nao usidharauliwe. Reli nyepesi ya kilo 25 kwa mita, ikikatwa kipande cha mita 12, ina uzito wa kilo 300: watu sita hubeba kilo 50 kila mmoja, juu ya kokoto zinazoteleza, na mmoja akijikwaa wenzake huelemewa ghafla. Nyapara ahesabu mabega kabla ya kutoa amri. Mashine za kushindilia kokoto hudai vizuia sauti. Kanuni za kelele kazini za 2005 zimeweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8.

Radi ni hatari inayostahili safu yake katika fomu za Kakamega. Bonde la Ziwa Viktoria lina ngurumo nyingi mno, na mara nyingi mvua huanza alasiri. Mtu aliyeshika chuma kirefu mahali peupe yuko hatarini, na chini ya mti si kimbilio. Kazi nzito ipangwe asubuhi, na ngurumo ya kwanza ikisikika vifaa viwekwe chini, watu waingie ndani ya gari au jengo.

Tathmini hurudiwa kila kazi, kundi au msimu unapobadilika. Miwa iliyovunwa Januari huwa imeziba kona tena miezi michache baadaye.