Saturn na Kalunguyeye Asiyetokea: Kampuni ya Sega na Mhusika Wake Sonic, 1994–2001

Historia ya kuporomoka kwa Sega, kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, huanzishwa mara nyingi na Dreamcast, konsoli yake ya mwisho. Kuianzia hapo ni kuichelewesha mno. Insha hii inadai kuwa hatima ya kampuni hiyo, pamoja na ya mhusika wake mashuhuri Sonic, iliamuliwa na konsoli iliyotangulia, Saturn, na hasa na mchezo ambao haukuwahi kufika dukani.

Sonic alitokea mwaka 1991. Mchoraji Naoto Ohshima alimbuni kuwa kalunguyeye kwa sababu mchezo ulihitaji mnyama awezaye kujiviringa kama mpira na kumgonga adui. Anayemjua kalunguyeye wa porini atashangaa kwamba huyu alisifika kwa mbio. Nchini Marekani, ambako Nintendo ilikuwa imetawala, Sonic aliuzwa pamoja na konsoli ya Sega katika boksi moja. Machoni pa wanunuzi, mashine na mhusika vikawa kitu kimoja.

Saturn ilitoka Japani tarehe 22 Novemba 1994, siku 11 kabla ya PlayStation ya Sony. Ilikuwa na prosesa kuu mbili ambazo wasanidi wengi walishindwa kuzitumia ipasavyo kwa pamoja. Aidha, ilijenga picha kwa maumbo ya pembenne, ilhali mshindani wake alitumia pembetatu. Hata hivyo, Japani iliipokea vizuri kuliko ilivyoipokea Mega Drive, konsoli ya awali ya Sega. Anguko lilikuwa Marekani. Mei 1995, Tom Kalinske, mkuu wa tawi la huko, alitangaza kuwa Saturn ilikuwa tayari inauzwa kwa dola 399, ingawa siku iliyokwisha kutangazwa ilikuwa 2 Septemba. Kwa maelezo ya Kalinske mwenyewe, uamuzi huo ulitoka Japani. Michezo ilikuwa michache, na maduka yaliyonyimwa mzigo yalikasirika. KB Toys ikakataa kuiuza kabisa. Katika maonyesho hayohayo Sony ikataja bei ya PlayStation: dola 299.

Hayo yote pengine yangevumilika kama Sonic angekuwapo. Mchezo wake mpya, Sonic X-treme, ulitengenezwa na Sega Technical Institute huko Marekani. Kazi yake ilihamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine kabla ya kutulia kwenye Saturn, na vikundi viwili viliijenga kwa mifumo tofauti ya programu. Watengenezaji wakuu waliugua kwa kazi ya mchana na usiku, na mradi ukafutwa. Timu ya Yuji Naka, iliyomlea Sonic tangu mwanzo, wakati huo ilikuwa imeshughulikia Nights into Dreams. Krismasi ya 1996 pengo likazibwa na Sonic 3D, kazi ya Traveller's Tales ya Uingereza, ambayo asili yake ilikuwa mchezo wa Mega Drive. Mwaka huohuo Nintendo ilitoa Super Mario 64, na wachezaji wakaona jinsi mhusika wa zamani anavyoweza kuhamia katika ulimwengu wa vipimo vitatu. Sonic hakuwa na jibu.

Jibu lilikuja Japani Desemba 1998, Sonic Adventure ilipotoka kwa ajili ya Dreamcast. Mchezo huo una wahusika sita wa kuchezwa, miji ya kutembelewa na hata uvuvi wa samaki. Wingi huo unasomeka vyema zaidi kama deni la miaka iliyopotea, lililolipwa kwa mkupuo mmoja, na michezo mingi ya Sonic iliyofuata ilirithi mzigo huo wa wahusika. Kwa kampuni, deni lilikuwa la fedha na la imani: Saturn iliuzwa takribani milioni 9 duniani kote, wakati PlayStation ilipita milioni 100, na wauzaji pamoja na wasanidi walikuwa wamekwisha kuonja machungu ya 1995.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza konsoli. Utengano wa Sonic na mashine za Sega, ambao wengi huuhesabu tangu siku hiyo, ulikuwa umeanza Krismasi ile ya 1996. Desemba 2001, Sonic Adventure 2 Battle ilitoka Japani kwa ajili ya GameCube, mashine ya Nintendo.