Daftari na Nakala Yake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa kweli, lakini unataka nyongeza. Daftari nalo ni kitu cha kuungua, cha kuloa, cha kuliwa na mchwa, na cha kufutwa kwa mkono wa karani aliyechoka. Likipotea, mali iliyoandikwa ndani yake hubaki yatima. Basi yafaa tuulize: mali hulindwa na daftari, je, daftari hulindwa na nini?

Mji wa Nairobi ulifundishwa jambo hili kwa moto. Mwaka 1939 ofisi kuu ya serikali ya kikoloni iliungua, na majalada mengi yakawa majivu. Hata hivyo, habari za nchi hazikufa zote. Maofisa wa wilaya na majimbo walikuwa na desturi ya kubaki na nakala za taarifa walizozipeleka Nairobi, na taarifa nyingine zilikuwa zimekwisha vuka bahari hadi London. Wanahistoria wa baadaye walizitegemea nakala hizo. Ziliokoka kwa sababu moja tu: zilikaa mbali na moto.

Tutazame sasa mtaa wa Dandora, ulioko mashariki mwa mji huo. Mwaka 1975 Baraza la Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianzisha huko mradi wa viwanja vipatavyo 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Mwenye kiwanja alipewa maji na choo, kisha akajenga vyumba kwa jasho lake, kimoja baada ya kingine. Nyumba ilisimama Dandora, lakini haki ya mwenyewe ilikaa katika mstari mmoja wa daftari. Mstari huo ukipotea, mjane na mlaghai husimama sawa mbele ya karani. Wala hatari ya moto haikuisha na ukoloni, kwani mwezi wa Machi 2004 sehemu ya jengo la City Hall, makao ya Baraza lile lile, iliungua.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imekwisha anza kushika nafasi ya karatasi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi na kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza namna ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana: moja la watu, jingine la viwanja, la tatu la malipo, na namba maalumu zikiyaunganisha. Hifadhidata za namna hiyo zilienea katika mabenki, hospitali na ofisi za serikali. Tarehe 27 Aprili 2021 Kenya ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuweka habari za ardhi katika kompyuta, nao ulianzia Nairobi.

Kompyuta haiogopi mchwa, lakini ina maafa yake. Kwa hiyo msimamizi wa hifadhidata hufanya kazi mbili. Kwanza, hutoa nakala nzima kwa nyakati maalumu na kuiweka mbali. Pili, hutunza daftari la matukio, ambamo kila badiliko huandikwa kabla ya kutiwa katika jedwali lenyewe. Tuseme nakala ilitolewa Jumapili usiku, na Jumatano saa nne na robo asubuhi karani akafuta jedwali la viwanja kwa bahati mbaya. Msimamizi hurejesha nakala ya Jumapili, kisha huyarudia matukio yote kwa mpango wake, akasimama dakika moja kabla ya kosa. Wengine hudhani kwamba kompyuta ya pili inayoiga ya kwanza papo hapo ni kinga tosha. Sivyo. Ya kwanza ikiamriwa kufuta, ya pili nayo hufuta kwa utii ule ule.

Yaliyoipata kampuni ya GitLab ni funzo kwa wote. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake mmoja alifuta hifadhidata iliyokuwa kazini, akidhani yuko katika kompyuta nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za akiba, lakini saa ya shida hapakuonekana hata moja iliyotegemeka. Iliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameitoa kwa shughuli nyingine saa sita hivi kabla ya ajali. Kazi ya saa hizo sita ilipotea, nayo kampuni ikakiri hadharani.

Ndiyo maana mafunzo ya juu ya wasimamizi hawa hufanana na mazoezi ya wazima moto. Mwanafunzi hupewa hifadhidata ya majaribio, huiharibu kwa makusudi, kisha huirejesha huku saa ikihesabu. Hupimwa kwa mambo mawili: kazi kiasi gani imepotea, na muda gani umepita kabla ya watu kuhudumiwa tena. Nakala isiyopata kujaribiwa ni tumaini tu, na tumaini halimrudishii mjane kiwanja chake.

Enyi vijana, baadhi yenu mtakabidhiwa madaftari ya nchi hii. Jina la mtu na haki yake vitakuwa mikononi mwenu, naye hatawaona wala hatawajua. Wekeni nakala, iwekeni mbali, na kabla siku ya msiba haijafika, hakikisheni kwamba yaweza kurejeshwa.