Jogoo, Chupa ya Dripu na Mtoto wa Jicho

KILA Alhamisi ya pili ya Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Macho. Hotuba husomwa na madaktari bingwa husifiwa. Kwa wazee wa Maneromango, wilayani Kisarawe, mtoto wa jicho maana yake ni kushikwa mkono hadi kwenye mikorosho uliyoipanda mwenyewe. Kwao kuna shujaa mwingine asiyetajwa kwenye hotuba hizo: maji yanayolizuia jicho lisinywee wakati wa upasuaji.

Jicho ni mfuko uliojaa. Presha yake ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, na chumba chake cha mbele kina kina cha milimita 3 hivi tu. Daktari akitoboa, maji hutoka na chumba hunywea. Kifaa huweza kugusa chembe za ndani ya konea, ambazo zikifa hazioti tena, au kupasua utando ulio nyuma ya lenzi.

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, na waganga wa kale wa India waliisukuma nyuma kwa sindano. Mfaransa Jacques Daviel alianza kuitoa mwaka 1747. Mwingereza Harold Ridley akaweka lenzi bandia ya kwanza jijini London mwaka 1949.

Kisha akaja Mmarekani Charles Kelman. Katika kitabu chake cha 1985, Through My Eyes, anasimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, kifaa cha kusafishia meno kikitetemeka kinywani mwake. Mwaka 1967 alitumia mtetemo wa aina hiyo kuvunja lenzi ndani ya jicho la mtu na kuifyonza kupitia tundu dogo. Jicho lile halikupona, na wenzake wakampinga kwa miaka. Ugumu mkubwa ulikuwa kwenye kufyonza. Kipande kikiziba sindano, pampu huendelea kuvuta. Kikizibuka, maji ya chumba huondoka kwa mkupuo. Yeye na mhandisi Anton Banko walilazimika kubuni namna ya kuhakikisha maji yanaingia kadiri yanavyotoka.

Lakini sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote inatoka kwenye kilemba cha jogoo. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer waligundua asidi ya hailuroniki, dutu inayotengeneza jeli nzito, ndani ya jicho la ng'ombe. Endre Balazs, mzaliwa wa Hungaria, akatafuta mahali pa kuipata kwa wingi, akaipata kwenye vilemba vyekundu vya majogoo. Alihangaika kuisafisha mpaka isiwashe mwili, na jeli yake ikajaribiwa kwenye viungo vya farasi wa mashindano. Baadaye David Miller wa Boston na Robert Stegmann wa Afrika Kusini waliiingiza katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Jeli haikimbii kama maji: inakishikilia chumba kikiwa wazi, inaikinga konea, na lenzi bandia inapita salama. Ilipoingia sokoni mwaka 1980 kwa jina la Healon, lenzi ya Ridley iliyobezwa kwa miongo ilipata njia. Mwafrika aliyeshiriki kazi hiyo anastahili kujulikana hata kwetu.

Siku hizi mashine za kisasa hupima presha zenyewe. Pasipo mashine, daktari hutumia jeli nafuu ya selulosi, sindano ya Simcoe yenye njia mbili, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kufyonza, na chupa ya dripu iliyotundikwa juu. Chupa ikiwa sentimita 100 juu ya jicho, huweza kusukuma kwa milimita 74 hivi za zebaki. Kwa hiyo muuguzi anayeipandisha au kuishusha ameshika usalama wa jicho mkononi mwake.

Tangu 1994 shirika la CCBRT la Dar es Salaam limewarudishia Watanzania wengi uwezo wa kuona. Hata hivyo, mzee wa Maneromango hapaswi kungoja safari ya Dar es Salaam au kliniki ya mkoba. Mipango ya afya ya macho ikihesabu darubini na madaktari peke yake, imeacha nusu ya kazi. Jeli, dripu safi na muuguzi aliyefundishwa kuichunga chupa viandikwe kwenye bajeti za wilaya kwa majina yake, kwa kuwa daktari bingwa asiye navyo hawezi kulilinda jicho alilolifungua.