Jina la Whitby Katika Hati za Watawa

Katika pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, jimboni Yorkshire, uko mji wa bandari uitwao Whitby, ambao juu ya rasi yake yamesimama magofu ya monasteri kubwa. Naye atakaye kujua asili ya jina hilo hana budi kuanza na kitabu ambacho jina lenyewe halimo kabisa.

Kitabu hicho ni tarikhi ya Kanisa la Waingereza, aliyoitimiza mtawa Bede wa Jarrow mwaka 731, akisimulia jinsi bibi mtukufu Hilda, wa ukoo wa kifalme, alivyoasisi mwaka 657 nyumba ya watawa wanaume na wanawake mahali paitwapo Streanaeshalch, na jinsi mwaka 664 mfalme Oswiu alivyoitisha hapo baraza la kukata shauri la hesabu ya Pasaka, ikashinda hesabu ya Roma. Hapo ndipo alipoishi Caedmon, mchunga ng'ombe aliyejaaliwa kutunga mashairi ya dini, ambaye kwangu ni fahari ya mahali pale kuliko wafalme wote.

Karne ya tisa wakaingia Wadenmark, monasteri ikaangamia. Katika daftari la ardhi la mfalme William, la mwaka 1086, twakuta majina mawili mageni, Witebi na Prestebi, ambayo mwisho wake, kwa lugha ya wavamizi wale, ni kijiji. Na Prestebi ni kijiji cha makasisi, jina ambalo watu hawalitoi pasipo kuwaona makasisi au kusikia habari zao.

Walioziunga habari hizi ni watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliokuja kuihuisha monasteri pamoja na Reinfrid, askari wa William aliyeuacha upanga akavaa kanzu ya utawa. Kwani wameandika katika hati zao kwamba mahali palipoitwa zamani Streoneshalc paliitwa baadaye Prestebi, na sasa paitwa Witebi. Wako wataalamu walioshikilia kwamba Streanaeshalch ni Strensall, karibu na York, kwa kufanana kwa matamshi. Lakini uchimbaji wa miaka ya 1920 ulifukua pale rasini athari za monasteri ya zama za Hilda na warithi wake, nao ushahidi huo, ukiongezwa juu ya neno la watawa, una nguvu kuliko sauti za majina mawili yanayokaribiana.